Muulize Mama Wakili: Watu wakirudi nyumbani, jalada linalala wapi?

SWALI: Shikamoo Mama Wakili. Mimi ni katibu muhtasi katika ofisi ya mawakili wanne hapa Mbeya mjini. Wakati wa korona tulitawanyika, kila mtu akawa kwake, na kazi ikayumba kweli. Tarehe za kesi zilipishana, na mteja mmoja alitoka Chunya na nauli yake akakuta mlango una kufuli. Sasa bosi anasema tuwe na mpango kabla ya janga jingine, maana homa ya Marburg imeshapiga hodi Kagera mara mbili, 2023 na 2025. Kuuandika kaniachia mimi. Nianzie wapi?
Katibu muhtasi, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Bosi amempa kazi mtu anayestahili, hata kama hakukusudia. Wakili anaweza kuandika hoja zake akiwa migombani Tukuyu, mradi ana kompyuta na bando. Lakini kesi ya kesho iko kwa jaji yupi, kiapo kipi hakijasainiwa, nani hajamalizia ada: hayo unayajua wewe na karani.

Kwa hiyo anza na daftari la tarehe za kesi. Kama linakaa kwenye droo, hamna mpango, hata mkinunua kompyuta kumi. Liwe kalenda ya mtandaoni ambayo wote wanne wanaiona kwenye simu, lakini anayeandika awe mmoja tu, na huyo awe wewe. Wakili akitoka mahakamani akutumie meseji kabla hajapanda bajaji: namba ya shauri, limeahirishwa hadi lini, linakuja kwa ajili gani. Wewe umrudishie ulichoandika, naye akijibu "sawa" ndipo tarehe inahesabika. Watakuona msumbufu. Wasumbue.

Majalada yaskanishwe sasa, watu wakiwa wazima. Msingoje tangazo. Unakumbuka mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na kesho yake shule zikaanza kufungwa. Hakuna aliyepewa wiki ya kujipanga. Picha za simu zenye kivuli cha kidole hazifai. Kila waraka upewe jina lenye mwaka, namba ya shauri, mteja na aina ya waraka, ili wakili akiwa Kyela usiku aupate bila kukupigia. Hatimiliki, wosia na vyeti halisi havitoki kwenye kabati la chuma. Kwa lolote.

Kuwasilisha nyaraka mahakamani kusikutishe. Kanuni za kufungua mashauri kwa mtandao zipo tangu 2018, kabla ya korona, na za kusikiliza mashauri watu wakiwa mbalimbali zilitoka 2021. Kinachowaponza mawakili ni saa. Kanuni za 2018 zinahesabu waraka ulioingia kabla ya saa sita usiku kuwa wa siku ile ile, basi vijana wanakaa nao mpaka saa tano na nusu. Mvua ya Machi unaijua: radi moja, umeme umekwenda, modemu imekufa. Kwenye mpango wako andika kwamba saa kumi jioni ndiyo mwisho wa ofisi, na namba ya malipo ikishatoka, ada ilipwe saa hiyo hiyo.

Sasa niseme jambo ambalo mabosi hawapendi kulisikia. Sisi hatukufungiwa ndani kama Waganda, kwa hiyo kila ofisi ilijiamulia, na mara nyingi uamuzi ulikuwa kwamba mawakili wakae nyumbani, karani aendelee kuzunguka. Karani ndiye aliyekuwa kwenye daladala, kwenye foleni ya benki na kwenye dirisha la masijala, kwa mshahara ule ule, na bando akajinunulia. Mpango usiotaja nauli na bando la karani, na bodaboda siku ambazo daladala zinatisha, usiuite mpango.

Halafu kuna siri za wateja. Wengi wetu tunaishi nyumba za kupanga, dari moja vyumba sita. Ukiongea na mteja wa talaka umekaa kitandani, jirani anayekaanga vitumbua anamaliza kesi kabla ya hakimu. Simu za namna hiyo zipigwe kutoka ofisini kwa zamu, au ndani ya gari lililofungwa vioo. Kitambulisho cha mteja kisitupwe kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na wakili alishafungwa na siri ya mteja kabla ya hapo.

Yule wa Chunya sasa. Mteja mwenye simu ya kitochi haoni tangazo lenu la mtandaoni. Orodhesha wateja wa aina hiyo leo, na kila mmoja muulize namba ya mtoto au jirani wa kumpatia ujumbe. Siku mkifunga, wapigiwe wote, mmoja mmoja. Akiitwa kutoa ushahidi kwa video, mahakama ikikubali, mumwandalie chumba hapo ofisini chenye kompyuta: madirisha wazi, maji tiririka na sabuni mlangoni, na asikae naye mtu wa kumnong'oneza majibu.

SWALI: Mama Wakili, mimi nipo Makete na wakili wangu yupo Iringa. Wakati wa korona nilisafiri mpaka Iringa kwa ajili ya kuapa tu hati ya kiapo. Likija janga jingine, siwezi kuapa kwa simu ya video?
Mkulima wa viazi, Makete

JIBU: Usijaribu, kaka. Sura ya 12 ya sheria zetu inamtaka kamishna wa viapo, yaani mwenye mamlaka ya kukuapisha, aandike kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipoapwa, na maombi mengi yametupwa kwa kasoro ya sehemu hiyo tu. Wewe upo Makete, yeye yupo Iringa, ataandika wapi? Lakini safari haikuwa ya lazima. Wakili wako angetuma hati kwa barua pepe, ukaichapisha stesheneri, ukaapa mbele ya kamishna wa viapo aliye karibu nawe, hata kama ni Njombe. Ukae naye barazani, kila mmoja na kalamu yake, kitambulisho mezani. Nakala ya skana inatangulia Iringa, halisi inafuata kwa basi. Kabla hajagonga muhuri, tazama mstari wa mahali: mara nyingi hati huja imeshachapwa "Iringa". Ikiwa hivyo, ikachapishwe upya kabla hujaapa.