Wadogo zangu, pigeni muhuri wa muda

Juzi nimemkuta kijana wetu akimwandikia mteja WhatsApp: "Likitokea bango la bluu, bofya 'More info', halafu 'Run anyway'." Bango hilo ni onyo la Windows kwa programu isiyoiamini. Nikavuta kiti nikakaa. Maneno hayohayo niliyaandika mimi mwaka 2021, siku tatu mfululizo. Basi, hivi ndivyo tunavyosaini programu kidijitali kabla ya kumtumia mteja, kompyuta yake ijue imetoka kwetu.

1. Anza kusaini vya ndani, mafaili ya programu yenyewe: exe na DLL zote. Kisha funga faili la kusakinisha, nalo ulisaini. Ukigusa baiti moja baada ya hapo, saini imekufa.

2. Muhuri wa muda, yaani uthibitisho wa lini ulisaini. Hapa mnivumilie. Julai 2021 kiwango cha chini cha PAYE (kodi ya mishahara) Tanzania kilishuka kutoka asilimia 9 hadi 8, nasi tulikuwa na programu ya mishahara kwa wateja. Tarehe 1 nikatoa toleo jipya, nikajipongeza kwa chipsi mayai. Amri ya signtool, zana ya kusaini ya Microsoft, niliinyofoa kwenye skripti ya zamani, haina /tr wala /td za kuweka muhuri. Ilipita bila kelele. Cheti chetu cha kusainia kilikuwa kinaisha tarehe 19 mwezi huohuo, na mwenye kukumbuka hilo nilikuwa mimi. Sikukumbuka.

Saini isiyo na muhuri huzikwa na cheti chake. Yenye muhuri hubaki, kwani Windows inaona ulisaini cheti kikiwa hai. Sasa, mhasibu gani anagusa mishahara kabla ya tarehe 24? Walipofungua, kisasishaji nilichokiandika kwa mikono yangu, kwa madaha, kikague saini kwanza, kikalikataa toleo letu wenyewe. Simu zikaanza. Mama mmoja hakufoka hata kidogo: "Mwanangu, nina watu mia na themanini wanasubiri mshahara. Niwaambie nini?" Bora angenitukana. Nikamtumia kiungo cha kupakua, na yale maelekezo ya kubofya. Cheti kipya nacho kikachelewa, maana watoaji walitaka kutuhakiki kwa simu ya ofisi, na ile ya mezani tulishakatiwa.

Siku hizi kabla ya kutuma chochote: signtool verify /pa /v. Ukiona imeandika "File is not timestamped", rudi nyuma.

3. Tangu Juni 2023 ufunguo wa kusainia unakaa kwenye tokeni, kifaa chenye PIN, si faili la PFX la kupeana kwa fleshi. Ukikosea PIN mara moja, nipigie. Usijaribu "labda ile ya mwaka jana", inajifunga hiyo.

4. Mac: saini, peleka kwa Apple ikaguliwe kwa notarytool, kisha bandika tiketi yao ya kibali kwa stapler. Altool, zana ya awali, Apple waliizima kwa kazi hiyo Novemba 2023, kwa hiyo acheni kunyofoa skripti za zamani. Nasema mimi, wa kunyofoa.

Yule kijana nilimwambia afute ujumbe. Tayari ulikuwa na tiki mbili za bluu.