Istanbul si Kariakoo

Wiki hii barua zimekuja za aina moja: wazee waliostaafu wanataka kwenda kutembea Istanbul, au watoto wao wanataka kuwapeleka. Sishangai. Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar ipo, safari yenyewe ni kama saa saba, na tamthilia za Kituruki zimeingia kila sebule. Nimejibu nilizoweza. Zile za "tiketi ni shilingi ngapi" nimeziweka pembeni. Bei ya asubuhi siyo ya jioni, mpigie wakala wako.

Shikamoo. Baba alikuwa mwalimu, mama muuguzi, wote wamestaafu. Sisi watoto tumechanga kuwapeleka matembezi. Wakala anatupa siku nane: Istanbul, Cappadocia, Pamukkale, halafu Dubai wakati wa kurudi. Tunaona pesa imepata thamani yake. Unasemaje? (Kijana, Tabata)

Marahaba, mwanangu. Mmechanga vizuri, mmepanga vibaya. Huyo wakala hajawaandalia wazee matembezi, amewaandalia mbio za mwenge. Kutoka Istanbul hadi Cappadocia ni zaidi ya kilomita 700. Ama wapande basi usiku kucha, ama warudi uwanja wa ndege alfajiri na mabegi. Wakifika Dubai mama atakuwa amevimba miguu na baba hataki kusemeshwa.

Barua yako ni ndefu, lakini sijaona mahali ulipoandika wazee wenyewe wanataka kuona nini. Waulize kwanza. Huenda baba anataka kukaa ukingoni mwa Bosphorus, mkondo wa bahari unaoukata mji, aangalie meli zikipita, basi. Aliyesahihisha madaftari maisha yake yote ana haki ya kukaa.

Mji mmoja, hoteli moja, siku zote nane. Istanbul ina watu zaidi ya milioni 15 na imekaa mabara mawili, haiwezi kuwaishia. Asubuhi waone kitu kimoja, kimoja tu. Mchana wale, warudi wakalale. Jioni watembee tena kidogo. Kuna kivuko cha kawaida kabisa kinachotoka Eminönü kwenda Üsküdar, upande wa Asia, kama dakika 20 hivi, nauli yake ya kadi ile ile ya basi na tramu, Istanbulkart. Wakae upande wa dirisha wanunue chai humo humo. Wakizoea pantoni la Kigamboni hawatahitaji maelezo, ila huku viti vipo na hakuna anayekimbilia mlango kabla chombo hakijafunga kamba. Hiyo safari ya dakika 20 inashinda boti nyingi za watalii zenye ngoma na taa za rangi.

Na hoteli: maeneo ya Sultanahmet, mji wa kale, nyumba nyingi ni za zamani, ngazi nyembamba, lifti hakuna. Uliza lifti kwa maandishi. Uliza pia kama bafu lina sinki la kuogea lenye ukingo mrefu wa kuvuka mguu, maana hapo ndipo wazee huteleza. Msiangalie picha za kifungua kinywa mkasahau bafu.

Viza ya Uturuki tunapataje? (Wasomaji wengi sana)

Kwenye tovuti rasmi ya viza ya Uturuki au kwa ubalozi wao hapa Dar, si kwa "mtu wangu yupo ubalozini". Na kabla ya yote angalia pasipoti yako inaisha lini, isiwe chini ya miezi sita.

Mume wangu anasema kwa kuwa tunakwenda, tupitie Laleli tuchukue mapazia na nguo za watoto za duka letu ili nauli ijirudishe. Mimi nilitaka kupumzika. Nani yuko sahihi? (Mama, Mbagala)

Wewe.

Nilijua swali hili litakuja, na msomaji wangu wa siku nyingi anajua jibu langu. Laleli ni mtaa wa biashara ya jumla, na uko vituo vitatu tu vya tramu kutoka Sultanahmet, ndiyo maana unawanasa watu. Mnatoka asubuhi kwenda kuona msikiti wa miaka 400, mnajikuta saa sita mchana mnabishana bei ya dazeni ya suruali za watoto. Siku ya pili mnatafuta mtu wa kargo. Siku ya tatu mnafunga marobota kwa selotepu sakafuni hotelini, mzee amepiga magoti, mama anaandika namba za simu kwa kalamu ya wino mzito. Halafu mnarudi Dar mnasema mmetembea Istanbul. Mmetembea wapi? Mmehamisha Kariakoo kwa ndege.

Biashara ni kazi ya heshima. Mwenye kwenda kufunga mzigo aende kufunga mzigo, arudi, apate faida yake. Lakini mtu amefika miaka 60, amepokea mafao baada ya kuhangaika na kikokotoo, anasema sasa nipumzike na mwenzangu, halafu anataka nauli "ijirudishe". Ikijirudisha ilitoka kwa ajili ya nini?

Na ushauri mwingine huu, hata kama hukuuliza. Usitangaze safari kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Ukitangaza saa mbili, saa tatu shemeji ameshatuma picha ya kiatu namba 43, mtoto wa dada anataka mkoba "kama huu lakini wa rangi ya maziwa", na jirani anauliza kama zulia linaingia kwenye begi. Hakuna aliyetuma pesa. Wote wanasema utadai ukirudi. Utadai kweli?

Kama ni lazima muonje soko, nendeni Grand Bazaar, soko lenye paa lililoanzishwa zama za Sultan Mehmed wa Pili, yule aliyeuteka mji mwaka 1453. Ingieni kwa lango moja, tokeni kwa lingine, nunueni kitu cha kuingia kwenye mkoba wa mkononi. Jumapili limefungwa, na sikukuu za Idi pia. Mkikaribishwa chai kwenye duka la mazulia, kunyweni mkijua zulia litafunuliwa kabla glasi haijapoa, na la kwanza litafuatwa na la kumi. Kusema "asante, hatununui" si utovu wa adabu.

Sisi ni Wakristo. Tunaruhusiwa kuingia misikitini? (Mzee na mkewe, Kimara)

Mnaruhusiwa, nje ya nyakati za swala. Msikiti wa Sultan Ahmed, ule wanaouita wa bluu, wenye minara sita, hauna kiingilio. Mama avae nguo ndefu na ajifunike kichwa. Kanga yake inatosha kabisa, asiazimwe mtandio wa mlangoni uliopita vichwa vya watu wote wa dunia. Viatu vinavuliwa, kwa hiyo baba asivae vile vya kamba ndefu, na soksi ziwe hazijatoboka.

Hagia Sophia ina utaratibu wake. Lilikamilika kama kanisa mwaka 537 enzi za mfalme Justinian, likawa msikiti mwaka 1453, makumbusho katika miaka ya 1930, na tangu Julai 2020 ni msikiti tena. Anayekwenda kuswali huingia chini bila kulipa. Mgeni wa kutazama hulipa euro 25 na hupitia mlango wake kwenda ghorofani. Nimesikia wajanja wanawashauri Wakristo wajifanye wanakwenda kuswali ili waokoe hizo euro. Mtu mzima mwenye wajukuu adanganye mlangoni mwa nyumba ya ibada? Lipeni. Tena mozaiki ya Yesu akiwa kati ya Maria na Yohana Mbatizaji iko huko huko ghorofani, mjanja wa chini haioni.

Misa ya Jumapili ya Kiingereza ipo katika kanisa la Mtakatifu Antonio, barabara ya İstiklal.

Mke wangu ameangalia tamthilia za masultani mpaka ananiita kwa majina yao. Anataka kuona kaburi la Hürrem. Lipo kweli? (Mzee, Kigamboni)

Lipo. Nyuma ya Msikiti wa Süleymaniye, uani, yeye na Sultan Suleiman kila mmoja katika jengo lake. Hürrem alifariki mwaka 1558, mume wake mwaka 1566. Msikiti wenyewe ni kazi ya Sinan, msanifu mkuu wa zama hizo, ukakamilika mwaka 1557, na kwangu mimi unaushinda ule wa bluu, kwanza kwa utulivu wake. Ila mwandae mama: alichokiona kwenye runinga ni waigizaji na taa. Pale kuna kaburi lililofunikwa, vigae vyenye maua na watu wanaosoma Fatiha. Asianze kupiga picha za kujipiga akikunja midomo.

Harem, yale makazi ya wake wa sultani, ataiona kwenye kasri la Topkapı, ambalo Jumanne hufungwa, na tiketi yake uhakikishe inajumuisha Harem. Humo kasrini kuna pia chumba cha masalia matukufu, ambamo Kurani husomwa bila kukatika. Hapo nimeona wazee wa kiume waliokuja wakilalamika miguu wakisimama muda mrefu kuliko wake zao.

Ukitoka Süleymaniye, mkabala na msikiti kuna safu ya migahawa ya maharage na wali. Ndiyo, wali maharage. Kaeni hapo.

Mzee wangu halali bila ugali. Tubebe unga? (Mama Yusta, Segerea)

Wiki moja bila ugali haijaua mtu, mama. Nimeshawajibu hapo juu kuna wali maharage.

Nina magoti mabovu na mji una vilima. Niache? (Bibi, Upanga)

Usiache, ila usiwaige vijana. Vilima ni vingi na mawe ya barabarani yanateleza mvua ikinyesha. Siri ni kushuka kwa miguu na kupanda kwa chombo. Kutoka Sultanahmet kwenda Eminönü ni mteremko. Kurudi panda tramu. Kutoka Karaköy kwenda juu Beyoğlu usithubutu ngazi, kuna treni fupi ya chini ya ardhi inaitwa Tünel, ipo tangu mwaka 1875, duniani ilitanguliwa na ya London tu. Kutoka Kabataş kwenda Taksim nako kuna ya namna hiyo.

Uwanja wa ndege wa Istanbul ni mkubwa mno. Unapokata tiketi omba kitimwendo, ni bure, na uombe mapema, usingoje siku ya safari. Wazee wetu wanaona aibu: "mimi si mgonjwa". Basi waseme wao ni wakubwa. Mtu anayesukumwa anapita foleni ya pasipoti akiwa amekaa.

Vyoo, kwa kuwa najua mtauliza kwa kunong'ona: kila msikiti mkubwa una vyoo karibu. Tembea na sarafu.

Mimi nina sukari, mke wangu presha. Dawa tuweke begi gani? (Mzee, Mbezi)

La mkononi, zote, katika vikasha vyake vya asili, pamoja na barua ya daktari. Insulini ikiwekwa kwenye begi la chini inaweza kuganda, na ikiganda imeharibika hata ukiiona nzima. Bebeni ya siku za ziada. Habari njema ni kwamba saa ya Istanbul na ya Dar ni moja mwaka mzima, kwa hiyo vidonge vya asubuhi vinabaki vya asubuhi. Ndani ya ndege inukeni mtembee, na mzee usikubali kahawa tano kwa kuwa ni za bure.

Jirani anaomba tumbebee kifurushi, kuna mtu atakipokea uwanjani. Ni mtu tunayemfahamu kanisani. (Wanandoa, Kinyerezi)

Hapana. Hata kama ni dagaa. Hata kama mmefungua mkaona ni dagaa. Wasafirishaji wa dawa za kulevya wanapenda nywele nyeupe kwa sababu hazishukiwi, na sheria ya Uturuki kwa anayeingiza dawa hizo ni kifungo cha miaka 20 hadi 30. Hesabu na umri wako. Jirani akinuna, anune.

Mwezi gani mzuri? (Msomaji, Masaki)

Aprili na Mei, au Septemba na Oktoba. Aprili bustani ya Emirgan hujaa maua ya tulipu. Januari kuna baridi ya kweli na theluji huanguka. Mtu anayevaa sweta Dar mwezi wa Julai asijaribu.

Kuna wezi? (Mzee, Ilala)

Kuna wajanja, kama Ilala. Mng'arisha viatu atapita mbele yako aangushe brashi. Utaiokota kwa ukarimu, yeye atashukuru, atakupiga rangi "bure", kisha atadai pesa. Iache ilale chini. Teksi, hakikisha mita imewashwa kabla gari halijaondoka, au mwombe wa mapokezi hotelini awaitie. Mgahawani msiagize samaki kabla ya kuona bei imeandikwa.

Mjukuu wetu wa miaka mitano analia anataka twende naye. Mama yake anasema hatasumbua. (Bibi na Babu, Ukonga)

Hapana. Mama yake anatafuta wiki ya kupumzika, na ninamwelewa, lakini aitafute kwa gharama zake. Mtoto mwambieni mtamletea lokum, zile peremende laini zenye unga mweupe. Mama yake mwambieni chekechea haijafungwa.