Amalgamu jinoni ina zebaki, ndiyo. Ila usikimbilie kuitoa

Dada, nimelisoma swali lako mara mbili. Gego lako lilizibwa kwa ile ya rangi ya fedha miaka 6 iliyopita, halijawahi kukusumbua. Sasa unanyonyesha, na shemeji yako aliyeko machimboni Nzega amekwambia kwamba ndani ya jino lako mna zebaki ileile wanayotumia wao mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu. Unauliza kama kesho uende ukaitoe. Mimi ni tabibu wa meno, niko Tabora mjini, mwaka wa 17 sasa kazini. Jibu langu: usiitoe. Kesho usiende, na hasa usiende katika kipindi hiki unachonyonyesha.

Shemeji hajakudanganya. Ile tunaita amalgamu, na karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Nusu iliyobaki ni unga wa fedha, bati na shaba, na baadhi ya aina huwekwa zinki kidogo. Lakini kuna jambo hakukueleza, na yeye kwa kazi yake analijua vizuri kuliko wengi wetu humu.

Mwaloni wanamwagia zebaki kwenye mchanga uliotoka karashani, mashine ya kusaga mawe. Zebaki inaikamata dhahabu, wanakamua kwa kitambaa, kinabaki kidonge cheupe. Kidonge kile nacho ni amalgamu, ya dhahabu. Kisha wanakichoma, zebaki inaruka hewani, dhahabu inabaki. Sumu kubwa iko pale kwenye moto, kwa anayevuta ule mvuke. Jinoni mwako hakuna moto. Zebaki ilipotikiswa pamoja na ule unga iliishika fedha, ikaunda fuwele mpya, ngumu, na ndani ya siku moja ilikuwa imefungwa humo. Haiko tena ile ya majimaji inayoteleza.

Siwezi kukwambia haitoi mvuke kabisa. Inatoa, kidogo sana, hasa unapotafuna au kwa mtu anayesaga meno usingizini. Ila siku ambazo hutoka mwingi zaidi ni mbili: siku ya kuwekwa na siku ya kuchimbwa, kwa sababu mashine inaisaga na kuipasha moto. Ukienda kesho unaileta siku hiyo ya pili wewe mwenyewe, na mtoto yuko kifuani. Septemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilishauri wajawazito na wanaonyonyesha wasiwekewe amalgamu mpya pale inapowezekana. Tangazo hilohilo lilisema aliyonayo tayari, ikiwa nzima, asiitoe bila sababu ya kitabibu. Watu humu mitandaoni wanasambaza nusu ya kwanza tu, na hilo linaniuma, maana wanaotishwa ni akina mama kama wewe.

Kuhusu watoto, Lisbon, Ureno, walifuatiliwa watoto 507 kwa miaka 7, wengine wamezibwa kwa amalgamu, wengine kwa ile nyeupe isiyo na zebaki. Matokeo yalitoka 2006: akili, kumbukumbu na mishipa ya fahamu havikuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi mawili.

Sababu za kuitoa zipo. Imepasuka, chakula kinanasa pembeni, jino limeoza chini yake, au shavu linalogusana nayo lina michirizi myeupe au kidonda kisichopona. Hicho cha mwisho huwa ni mwili wa mtu kuikataa, ni nadra, ila nimekiona.

Mchangiaji mmoja hapo juu anauliza kwa nini tuliing'ang'ania miaka yote hii. Kwa sababu gego linabeba mzigo. Amalgamu ikibanwa kutoka juu inastahimili kwelikweli. Wapo wagonjwa wangu wanaotafunia mahindi ya kuchoma kwa jino lililozibwa kabla sijaajiriwa. Tena ni rahisi na inavumilia mazingira yetu. Udhaifu wake uko kwenye kingo nyembamba, hapo inamegeka. Na haigandi kwenye jino. Inabidi tulichonge tundu kama mtungi, mdomo mwembamba na tumbo pana, ili isichomoke, na kwa kufanya hivyo tunakata hata sehemu nzima ya jino. Hili ndilo kosa lake kubwa machoni pangu, na silisikii likitajwa. Tena inapitisha baridi, ndiyo maana tundu likiwa refu tunatanguliza simenti ya meno chini, la sivyo maji ya friji yatakupigisha kelele wiki nzima.

Mate ni adui mwingine. Ile yenye zinki ikilowa kabla haijakaza hutengeneza gesi ya haidrojeni ndani, na baada ya siku chache inavimba. Mgonjwa anarudi siku ya nne analia jino ambalo uliliziba vizuri. Kwa hiyo tukikujaza pamba mdomoni na kukukataza kumeza, vumilia.

Sasa niseme yaliyonipata mimi, maana kwa maoni yangu hatari ya kitu hiki iko kwa tunaokishika kuliko kwa aliyezibwa.

Nilipoanza kazi, sehemu moja nisiyoitaja, zebaki ilikuwa kwenye chupa. Tulichanganya kwa kinu kidogo na mchi, tukakamua kwa kitambaa. Siku moja chupa ilinitoka mkononi. Punje zikatawanyika sakafuni na kuingia kwenye nyufa. Nikafanya alichofanya kila mtu asiyefundishwa: nikachukua ufagio. Ufagio unaipasua punje moja kuwa mia, na kila kapunje kanatoa mvuke wake hata bila moto, kwa joto la kawaida la chumba. Nikaokota nyingine kwa vidole. Jioni pete yangu ya ndoa ilikuwa na baka jeupe. Zebaki iliingia kwenye dhahabu kama inavyofanya mwaloni. Mke wangu aliliona kabla yangu. Wakati huo alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na viatu vilevile. Sijasahau.

Inavyotakiwa ni hivi: watu watoke, madirisha yafunguliwe, pete na saa zivuliwe, glovu zivaliwe. Punje zisukumwe pamoja kwa kadi mbili, zivutwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ndogondogo zinaswe kwa plasta, vyote vikae kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana. Ufagio hapana, sinki hapana.

Siku hizi tunatumia kapsuli. Unga na zebaki vimetenganishwa humo ndani kwa ngozi nyembamba, mashine inatikisa kwa sekunde chache, unafungua bonge liko tayari. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana mwaka 2022 kuachana na zebaki ya chupa kwa kazi ya meno, na amalgamu isiwekwe kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa mtabibu aone hakuna njia nyingine. Novemba 2025 wakapanga matumizi yake yakome ifikapo 2034. Kwa hiyo mwanao akija kuhitaji kuzibwa, omba simenti ya meno au ile nyeupe, ni haki yake.

Wenzangu wa kada hii, nawaomba kwa dhati: jino tulilong'oa likiwa na amalgamu lisiende kwenye kichomea taka. Ni kidonge cha mwaloni kile, tofauti ni kwamba moshi wake unaangukia wodini. Liwekwe kwenye kopo linalofunga, pamoja na mabaki na kapsuli tupu.

Dada, nimalizie na shemeji. Akija likizo muulize kile kidonge anakichomea wapi. Wapo wanaokibeba mpaka nyumbani na kukichomea jikoni. Kama naye ni hivyo, basi mvuke wa kumhofia mwanao ni ule, si wa gego lako. Achomee mbali na nyumba, kwenye chombo kinachonasa mvuke. Na nguo anazotoka nazo mwaloni zisifuliwe beseni moja na nepi za mtoto.