Kabla ya kununua sola za kijiji, someni kanuni

Kila ninapokaa na kamati ya kijiji inayotaka kuzalisha umeme wake, mazungumzo huanzia kwenye vifaa: sola ngapi, betri za aina gani, nguzo zitatoka wapi. Huwa nawaomba tuanze na kanuni za EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji nchini Tanzania. Nimeona mitambo iliyofungwa kwa ustadi ikielemewa na madeni kwa sababu sera ilibadilika, na nimeona maporomoko madogo ya maji yakiwasha vijiji kwa sababu sera iliwapa nafasi.

Nafasi hiyo kwetu Tanzania ilifunguka mwaka 2008, kwa Sheria ya Umeme na utaratibu wa wazalishaji wadogo. TANESCO, shirika la umeme la Taifa, ikawa na mkataba wa mauziano wa aina moja kwa wote, hivyo mzalishaji mdogo hakulazimika tena kuvutana nayo kifungu kwa kifungu. Mradi ulio chini ya megawati 1 ukasamehewa leseni, ukabaki na usajili tu. Mradi wa maji wa Mwenga kule Mufindi, wenye megawati 4, umekua humo: unauza umeme kwenye gridi ya Taifa na pia unawahudumia wanavijiji moja kwa moja. Bila uhakika wa mnunuzi mkubwa, sioni nani angevuta nyaya hadi kwenye nyumba zile zilizotawanyika milimani.

Kwenye bei ndiko miradi mingi inakofia, na hapo nawasihi mkae muda mrefu. Katika mkutano mmoja mzee alisimama akaniuliza: "Mwanangu, shemeji yangu kule barabarani analipa shilingi mia kwa uniti. Mimi nilipe elfu na kitu kwa kosa gani?" Hana kosa lolote. Shemeji yake yuko kwenye gridi ya Taifa, ambako mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hubebwa na wateja wakubwa, viwanda vikiwemo. Gridi ya kijiji haina kiwanda cha kuibebea. Betri, fundi na mkopo vyote vinategemea kaya zilezile chache zinazonunua uniti mbili tatu.

Mwaka 2020 Serikali iliagiza gridi ndogo za vijijini nazo zitoze shilingi 100 kwa uniti. Kwa mwananchi ilikuwa haki, na sitaki kamwe kumtetea anayemuuzia maskini umeme ghali kuliko wa tajiri wa mjini. Lakini pengo kati ya bei na gharama lilitakiwa kuzibwa na fungu la Serikali tangu siku ileile. Kampuni zilizojenga kwa hesabu za bei ya zamani zikabanwa, na wawekezaji wakapunguza kasi. Kwa hiyo andaeni hesabu mbili: moja kwa bei mnayoitamani, nyingine kwa shilingi 100. Mradi ukifa kwenye hesabu ya pili, tafuteni ruzuku kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA, kabla ya kusaini mkopo wowote.

La pili ni gridi ya Taifa yenyewe kufika kijijini. Ikija, kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000, na wateja wenu watahama. Kanuni zinatoa njia: mnaweza kuuza umeme kwa TANESCO, kununua kwao kwa jumla na kuwasambazia wateja, au kudai fidia ya nguzo na nyaya. Njia hizo zina manufaa kwa mtandao uliojengwa kwa viwango vinavyotakiwa tu. Fundi akiwaambia nguzo nyembamba zinatosha, mkataeni. Nendeni pia ofisi ya TANESCO ya wilaya mkaulize njia ya umeme inaelekea wapi, na majibu myapate kwa maandishi.

Kuhusu umiliki, mimi napendelea ushirika uliosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, kwa sababu wanachama hukagua vitabu na kumhoji mwenyekiti wao. Ila ushirika hauondoi hitaji la mteja wa mchana. Kabla ya kuamua ukubwa wa mtambo, kaeni na mwenye mashine ya kusaga, seremala na mchomeleaji. Muulizeni kila mmoja analipa kiasi gani cha dizeli kwa mwezi, na kama yuko tayari kusaini kwamba atahamia kwenu. Karatasi hizo zilizosainiwa ndizo mtakazoanza nazo mbele ya benki, na mbele ya REA.