Mwanao wa miaka 16 akikuambia anataka kuingia nevi: soma hii kabla hujasaini

Tangu watu waone picha za kijana wangu na ile kofia nyeupe, akina mama wenzangu wa pwani tulioko huku Uingereza hawaachi kuniuliza, ati mama ulimruhusu vipi na bado mtoto yule. Kwenye voisi siwezi kumaliza, kwa hivo naandika yote hapa, mwenye kijana nyumbani asome taratibu.

Jeshi la majini la huku linachukua kuanzia miaka 16, na akiwa hajafika 18 hawamchukui bila idhini ya mzazi, kwa hivo ile fomu lazima itakufikia wewe. Mabaharia wa kawaida, wasio maofisa, wanaanzia HMS Raleigh kule Torpoint, Cornwall, ng'ambo ya mto kutoka Plymouth. Jina ni la meli lakini hiyo ni kambi ya nchi kavu, iko hapo tangu 1940, na ndani mnaishi kama mko melini, mpaka kutoka getini kwenda mjini kunahesabiwa ni kushuka pwani. Mafunzo ya kwanza ni wiki 10.

Sasa kabla ya kitu chochote, kaa na mwanao msome pamoja habari za kuacha. Najua tunaona uchungu kuanza na hayo, mtoto hajaingia tushaongea kutoka, lakini ndiyo ya maana kuliko zote. Akiwa chini ya miaka 18 ana haki ya kuacha jeshi mpaka siku anatimiza 18, kwa kuandika notisi kwa utaratibu wao, na hakuna wa kumzuia. Waulize notisi ni ya siku ngapi, ajue mwenyewe kwa kichwa. Nasema hivi manake nina jirani mzee hapa mtaani ambaye aliingia na miaka 15, enzi za HMS Ganges kule Shotley, Suffolk, ilipokuwa kambi ya wavulana, na mkataba wake wa miaka mingi ulianza kuhesabiwa akifika 18, ile ya kabla yake haimo. Pale uwanjani kulikuwa na mlingoti wa kama mita 43, vijana wanaupanda, na siku za sherehe mmoja anasimama juu kabisa kwenye kisahani kidogo, hana cha kushika ila fimbo ya chuma iliyo katikati ya miguu. Ganges ilifungwa 1976. Mzee akaniambia hakuwa anaogopa kile kimo, alichokuwa anaogopa usiku ni kwamba hana njia ya kutoka. Maneno hayo yaliniingia sana, ndio nikaona mtoto anayejua mlango uko wapi akibaki amebaki kwa hiari yake.

Na kama unaona 16 ni mapema, sema. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa imeishaiambia Uingereza zaidi ya mara moja ipandishe umri uwe 18, na mimi niko upande wao, nilimwambia wangu amalize kwanza masomo yaliyombakia, akanuna, akamaliza, akaingia akiwa na 17. Serikali inasema hawapeleki vitani walio chini ya 18 na imejifunga kwa mkataba wa kimataifa tangu 2003, sawa, lakini mwaka mmoja wa kukua nyumbani haumharibii mtu chochote.

Kitu cha pili ni kuogelea, na hapa watoto wetu wanateseka bure. Mimi nimezaliwa Likoni, Mombasa, nimekua nikiwaona manevi wa Mtongwe, kambi ya jeshi la majini la Kenya, wakipita, bahari iko mlangoni, na bado wengi wetu wasichana hatukujua kuogelea, alafu tunakuja huku tunazaa watoto na wao hawajui. Kule kuna mtihani: unaruka majini na ovaroli mwilini, unaelea dakika 2, unaogelea mita 50, alafu unatoka upande wa kina kirefu bila kushikwa mkono. Ovaroli ikishalowa inakuvuta chini. Asiyeweza wanamfundisha, hawamfukuzi, lakini fikiria wenzake jioni wanapiga viatu rangi na yeye anarudishwa bwawani kachoka. Kwa hivo miezi kadhaa kabla mpeleke bwawa la mtaani, na akishajua kidogo aombe ruhusa siku moja aogelee na nguo, mabwawa mengine wanakubali.

Pasi nayo. Jamani mfundisheni mtoto wa kiume kupiga pasi! Tunawalea kama wafalme, dada zao ndio wanapiga, sasa kule hakuna dada. Kijana wangu alinipigia simu wiki za mwanzo, wanapewa simu kwa muda tu, nikadhani ataniambia habari za bunduki ama za kile chumba cha moshi cha mazoezi, kumbe dakika zote ananieleza kola ya bluu, vile ile mistari mitatu myeupe ikipata mkunjo hata kidogo unarudia, na shati zote kabatini zikunjwe saizi moja zilingane, na mkaguzi anapitisha kidole juu ya kabati. Wenzake waliolala mapema ni wale waliokuja wanajua. Akapige na zako wewe kabla hajaenda, shati kumi, shuka, suruali, mpaka mkono uzoee.

Mazoezi ya mbio kila mtu anayajua, aanze polepole na viatu vizuri, wengi wanaumia miguu kwa kukurupuka wiki ya mwisho.

Na akiumia ama akifeli kitu, anaweza kurudishwa kundi la nyuma. Wangu yalimkuta haya, mfupa wa muundi ulimsumbua, akapumzishwa na kuachwa na wenzake aliokuwa kashawazoea, akalia kwenye simu kabisa. Hapo mzazi chunga ulimi wako. Usimwambie rudi nyumbani leo hii, na usimwambie usitutie aibu. Muulize amekula nini, amelala vipi, mguu daktari kasemaje. Mimi nilimaliza kwa kumwambia chumba chako kiko vilevile na uamuzi ni wako, alafu nikamwandikia barua, ya karatasi. Wanaipenda barua kuliko mnavyofikiria, na haihitaji ruhusa ya simu.

Kwa Waislamu wenzangu: chakula halali kipo, hata zile pakiti za kula porini zipo za halali, lakini aseme mapema wakati wa kujisajili, asione haya. Sala na Ramadhani aulize kabla, azungumze na wahusika wa mambo ya dini, wana sikio zuri kuliko tunavyodhania.

Siku ya paredi ya kumaliza familia mnaalikwa, nendeni hata kama mnaishi Glasgow. Kutoka Plymouth mnavuka na feri ya minyororo mpaka Torpoint, gari na watu pamoja, utadhani uko Likoni ila hakuna muuza njugu. Vaeni vizuri, mama avae leso yake akipenda, na bebeni koti manake upepo wa pale haujali ni mwezi gani. Mkimuona mtajua tu, wanasimama tofauti.

Mwisho ni pesa, na hili tuambiane kweli. Kuruta analipwa tangu anaanza, na habari ikifika nyumbani mjomba ana ada, shangazi ana bati, binamu ana pikipiki. Mtoto wa miaka 17 asibebeshwe hayo. Akitaka mwenyewe kumtumia nyanyake kidogo ni baraka, lakini namba yake usimpe mtu, na michango ya harusi ipitie kwako. Wakiuliza waambie bado yuko shule, na hujadanganya.