Mleta uzi, weka huo mkasi chini kwanza

Sasa hivi, kabla hujasoma zaidi. Umesema umepanda miche 4 ya blakiberi, yale matunda madogo meusi yanayozaa kwenye fito ndefu, aina ya Triple Crown, hapo Tacoma, jimbo la Washington, Marekani, majira ya kuchipua mwaka huu, na kuna mtu kakwambia ufyeke fito zote hadi chini kabla baridi haijaingia. Halafu ukauliza na jamu inapikwaje. Jamu ya nini? Ukifyeka hivyo hutapata hata punje ya kuonja.

Mimi nilifyeka. Tena mara tatu, kila Novemba, kama mtu anayetimiza nadhiri. Nilipanda miche 6 mwaka 2020, na mpaka 2023 inaisha sijachuma kitu. Majani tele! Mama watoto akaniuliza kama yanapikwa kama kisamvu. Kilichoniuma zaidi ni ile blakiberi ya porini kando ya reli, ambayo jimbo letu limeiorodhesha kuwa gugu: haina mwenyewe, haijui mbolea, na inazaa hadi inaangusha. Nikawa naenda kuchuma kwa gugu na bustani ninayo.

Kumbe ufito wa Triple Crown unaishi miaka miwili. Mwaka wa kwanza unarefuka tu na kutoa majani, mwaka wa pili unatoa maua, unazaa, unakufa. Shina la chini ndilo linalobaki na kuchipuza mwingine. Kwa hiyo kila Novemba nilikuwa nakata matunda ya mwaka unaofuata, nayatia kwenye pipa la taka za bustani, na pipa lenyewe nalilipia.

Aliyeniponza ni jamaa wa duka la miche. Kwake analima aina ya Prime-Ark, inayozaa kwenye ufito wa mwaka huohuo, hiyo hata ukifyeka yote inazaa tu. Lakini yangu aliniuzia yeye mwenyewe, kikaratasi chenye jina la aina anakiona, bado ananiambia "fyeka tu, kaka". Kafyeke kwako!

Kata ufito uliokwisha zaa, acha uliochipuka mwaka huu. Uliozaa utaujua: wa kijivu, vikonyo vya matunda bado vinaning'inia, mkavu kau, ukiukunja unavunjika. Mpya una rangi ya kijani au wekundu kidogo na unapindika. Huo ufunge kwenye waya uache upigwe na baridi.

Na wewe, kama umepanda mwaka huu, uliozaa uko wapi? Hukati kitu. Rudisha mkasi ulikoutoa.