Saa Tatunne: Maswali Yenu Kuhusu Kuandika Pamoja kwa Simu

Tangu nilipotaja hapa kwamba kamati ya mtaa wetu siku hizi huandika kumbukumbu za mkutano kwa pamoja, kila mjumbe na simu yake, maswali hayajakatika. Mengine yamekuja kwa ujumbe, mengine nimeulizwa dukani huku nikichapa barua za watu. Moja niliulizwa pale mtaa wa Langoni, Lamu mjini, nikiwa nimebanwa ukutani na punda aliyebeba mchanga, mahali ambapo mtu hana pa kukimbilia swali. Naanza na hilo.

Sisi wanawake thelathini tunachangia harusi. Anayetoa hukopi orodha kwenye grupu ya WhatsApp, akaongeza jina lake chini, akaipesti tena. Juzi majina mawili yamepotea na wenyewe walitoa. Mmoja amenuna mpaka leo. Nani amemfuta? — Mama wa harusi, Langoni

Hakuna aliyemfuta, mama. Hebu tuutazame usiku wenyewe. Saa mbili orodha ina watu 14. Wewe umeikopi, unaandika nambari 15, jina lako, shilingi 1,000. Dakika hiyo hiyo jirani yako wa Mkomani ameikopi orodha ile ile ya watu 14, na yeye anajiandika wa 15. Umepesti wewe, na yeye akapesti. Akaja wa tatu, akakopi ya mwisho kuiona, ambayo ni ya jirani, akajiandika wa 16. Basi wewe umetoka, pesa zako zimo na jina halimo. Kila mtu alikuwa ameshika nakala yake na akadhani ndiyo orodha.

Dawa yake ni jedwali moja lililo mahali pamoja, ambalo kila mmoja analifungua badala ya kulibeba. Google Sheets ni mfano mmoja, na ziko nyingine. Mkiwa wawili ndani, utakiona kisanduku alichosimama mwenzako kimezungushiwa rangi yake, naye akiona chako.

Utauliza: mbona hapo maneno hayapotei? Hili ndilo hunipendeza kulieleza, nivumilie. Chukua sentensi hii: “Mashua inaondoka saa mbili.” Wewe unataka kuongeza “ya Faza” baada ya “Mashua”. Mwenzako, sekunde hiyo hiyo, anataka kubadili “mbili” iwe “tatu”. Simu yake inapeleka agizo: nenda herufi ya 22, ukihesabu na nafasi tupu, futa tano, andika “tatu”. Lakini wewe umeshasukuma sentensi mbele kwa nafasi nane. Agizo lake likitekelezwa kama lilivyo litaangukia ndani ya “inaondoka” na kuikatakata. Kwa hiyo programu hulirekebisha agizo kabla ya kulitekeleza: 22 ongeza 8, nenda 30. Inatoka “Mashua ya Faza inaondoka saa tatu”, na kwenu nyote wawili inasomeka sawa. Hesabu hiyo iliandikwa na wataalamu wawili, Ellis na Gibbs, mwaka 1989, na mpaka leo hati nyingi za pamoja zinaendeshwa na wazo lao au watoto wa wazo lao.

Sasa ushauri wa kinyumbani. Msiwape wanawake wote thelathini ruhusa ya kuandika. Waandike watatu, mwekahazina na wawili anaowaamini, wengine watazame tu. Pesa ni pesa. Na utaona jambo jingine baada ya siku mbili: grupu itabadilika. Sasa hivi mtu akifungua anakutana na orodha ile ile mara ishirini, na katikati yake bibi harusi ameombewa dua ambayo hakuna aliyeiona. Orodha ikihamia kwenye jedwali, grupu inarudi kuwa mahali pa vigelegele na kuulizana rangi ya leso.

Hii ya kuona herufi za mwenzako zikitokea moja moja ni mpya? Rafiki yangu asema Google ndio walioianzisha. — Kijana wa Mkomani

Rafiki yako ameikuta safari katikati. Mnamo Desemba 1968 huko San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha watu ukumbi mzima jinsi yeye na mwenzake aliyekuwa mbali wangeweza kufanya kazi kwenye ukurasa mmoja wa kompyuta. Mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Illinois, ikaja Talkomatic: kioo kimegawanywa vipande, kila mtu ana kipande chake, na kila herufi unayobonyeza wenzako wanaiona pale pale. Kioo kimoja kilitosha watu watano.

Google waliijaribu kwa kishindo mwaka 2009. Walitoa kitu kilichoitwa Wave, kikichanganya barua pepe, soga na hati, na herufi zikionekana hapo hapo. Septemba mwaka huo waliwaalika watu 100,000 waijaribu. Mwaka wenyewe ndio ule waya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilipofika Mombasa, kwa hiyo wengi wetu huku hata hatukusikia habari zake. Agosti 2010 wakatangaza kuiacha. Kwa maoni yangu haikuuawa na ubovu. Watu waliingia wasijue waitumie kwa jambo gani, na ukiingia kwa mwaliko huku jamaa zako wako nje, utazungumza na nani? Lakini mwaka huo huo wa 2010 Google Docs, programu yao ya kuandikia hati, ikaanza kuonyesha herufi moja moja, na hiyo watu wakaikubali, kwa sababu walioingia walikuwa na barua ya kuandika.

Nikituma linki ya hati yetu kwenye grupu, kuna hatari? — Karani wa kikundi, Mokowe

Ipo. Linki ikiwa imewekwa “yeyote mwenye nayo aweza kuhariri”, basi ni ufunguo, na ufunguo uliotupwa kwenye grupu ya watu 200 umeshafika msipopajua. Iweke ya kutazama tu, wanaoandika waongeze kwa barua pepe zao. Na nambari za vitambulisho msiziandike humo kabisa.

Sisi tuliolelewa barzani tunajua: salamu kwanza, kisha husikiliza, mwenzio akimaliza ndipo hunena. Hizi zana zenu ambazo wote wanasema kwa pamoja, adabu itakaa wapi? — Mwalimu mstaafu, Shela

Maalim, swali lako nimelala nalo. Na umeliuliza kutoka Shela, mahali penye historia yake. Kabla ya vita vilivyopiganwa hapo mwanzoni mwa karne ya 19, washairi wa Mombasa na wa Lamu walikuwa wakirushiana tungo. Shairi lilipanda chombo. Anayejibu alikuwa na siku kadhaa za kulisaga neno kabla ya kulipeleka, na hata tusi likifika limevaa kanzu.

Ujumbe wa simu ulipunguza siku kuwa dakika, lakini ukatuachia pazia. Kwenye WhatsApp mwenzako huona tu kwamba unaandika, haoni unachoandika. Unaweza kuanza kwa hasira, ukafuta, ukaenda kuswali, ukarudi ukaandika “sawa”. Hati ya pamoja haina pazia hilo.

Nitasema lililonipata. Tulikuwa watano tukiandika barua kwa ofisi fulani kuhusu taa za mtaani. Mimi ndiye mwandishi. Nikaandika: “Tumechoka na uzembe wenu.” Nikaiangalia, nikaifuta kidogo kidogo kutoka nyuma, nikaweka: “Tunaomba mtufikirie.” Nilisahau kwamba wanne wengine wamefungua ukurasa ule ule, wameiona ikizaliwa na wameiona ikifa. Mzee mmoja, ambaye kawaida haandiki hata salamu, akaweka maoni pembeni: “Ile ya kwanza ndiyo kweli.”

Tulicheka. Lakini nilipotulia nilijua kwamba kuanzia siku hiyo ninaandika nikiwa nimekaza mwili, kama mtu anayevaa nguo mlango ukiwa wazi. Na nimeona wengine wanafanya nifanyavyo sasa: wanaandika kwanza kwenye karatasi au mahali pengine, kisha wanakuja kupesti andiko zima kwa mkupuo. Pazia limetengenezwa upya. Adabu, Maalim, haikufa; imehamia kwenye chumba cha nyuma.

Kuna la pili, na hili lina uzito kuliko aibu. Ulichokifuta hakijaondoka. Google Docs huweka historia ya matoleo, na mtu mwenye ruhusa ya kuhariri anaweza kurudi nyuma akaona hati ilikuwaje jana na nani aligusa nini. Kwa kumbukumbu za mkutano hiyo ni neema, hakuna atakayesema “sikuandika mimi”. Kwa ugomvi wa ndugu ni balaa. Barzani neno la hasira hubebwa na upepo wa magharibi, kesho mwenyewe akakana, wenzake wakamkubalia ijapokuwa wote walisikia. Kukubaliana kusahau nako ni adabu, na mashine haijaijua.

Kwa hiyo mimi hugawa hivi, nawe unikosoe. Barua, orodha, ratiba, sheria za kikundi, kila kitu ambacho mwishowe lazima kiwe kimoja na wote wakikubali, tukiandike pamoja. Mirathi, posa, mpaka wa kiwanja, nani alimwambia nani: huko msifungue hati. Chukueni kahawa na halua mkaonane. Na hata kwenye ile barua ya taa tuliweka zamu baada ya pale: mmoja anaandika, wengine wanaweka maoni pembeni, wala hawagusi mwili wa barua mpaka mwandishi aseme amemaliza. Ni sheria ya barzani ile ile.

Mimi ni nahodha, napakia watu na mizigo kati ya Lamu na Faza. Mtandao hukatika njiani. Nikibadilisha ratiba yetu ya pamoja nikiwa baharini, na mwenzangu akaibadilisha akiwa bara, itakuwaje? — Nahodha

Kwanza, kabla hujang’oa nanga, iwekee hati hiyo ruhusa ya kufanya kazi bila mtandao, vinginevyo huenda isifunguke ukiwa njiani. Ukishaiweka, unachoandika kinakaa kwenye simu yako. Ukipata mtandao tena, mabadiliko yako na ya mwenzako yanaunganishwa. Mwaka 2011 mtafiti Marc Shapiro na wenzake waliandika utaratibu mwingine wa kuunganisha maandishi namna hiyo, ambao kila kifaa kinaweza kuandika peke yake na mwishowe vyote vikafikia maneno yale yale bila kumuuliza mkubwa yeyote, yaani kompyuta moja ya kati.

Lakini sikiliza hapa, nahodha. Mashine huunganisha herufi, haiunganishi maana. Rudi kwenye sentensi yetu ya juu. Wewe ukiwa baharini umefuta “mbili” ukaandika “tatu”. Mwenzako amefuta “mbili” ile ile akaandika “nne”. Mkikutana mtandaoni, “mbili” imefutwa, wote mmekubaliana hapo, na maneno yenu yote mawili yamehifadhiwa kwa uaminifu. Ratiba inaweza kusomeka: “Mashua ya Faza inaondoka saa tatunne.” Hakuna kilichopotea, na abiria hawajui waje saa ngapi.

Saa ya kuondoka ibadilishwe na mtu mmoja tu. Wewe ukitaka kuibadilisha, mpigie.

Hizi hati hazimalizi bando? — Mwanafunzi, Lamu

Maandishi hayali sana. Bando lako linaliwa na video.

Ndugu yangu ni kiziwi. Tukiandikiana ujumbe, mimi naona nukta zinacheza, nangoja, yeye anangoja. Mazungumzo ya dakika tano yanachukua nusu saa. Zana hizi zitatufaa? — Fundi cherehani, Malindi

Zitawafaa kuliko zinavyotufaa sisi wengine wote. Anayesikia, ukianza sentensi tu ameshajua unakokwenda, ataitikia, atakukatiza, atacheka kabla hujamaliza. Ujumbe wa simu unamnyima ndugu yako haya yote. Anapewa kifurushi kilichofungwa. Akiona herufi zako zikija moja moja, anayapata.

Viziwi wameujua utamu huu kabla yetu. Mwaka 1964 huko Marekani, Robert Weitbrecht, mwanafizikia aliyekuwa kiziwi mwenyewe, alitengeneza kifaa cha kuiunganisha mashine ya kuchapa na simu ya mezani, watu wakaandikiana herufi kwa herufi kwenye laini ya simu. Lakini wote wawili wakichapa kwa pamoja maandishi yalivurugika. Wakajiwekea desturi: ukimaliza zamu yako unaandika GA, kifupi cha Kiingereza cha kumwambia mwenzako aendelee. Mwalimu wangu wa Shela atafurahi kusikia.

Fanyeni hivi. Fungueni hati moja kwenye simu zenu zote mbili. Chora mstari katikati: yeye aandike juu, wewe chini, kama ile Talkomatic ya 1973, ili maneno yenu yasikanyagane. Msisahihishe makosa ya herufi, yaacheni yapite. Mkimaliza, ifuteni hati yenyewe. Ni mazungumzo, si mkataba. Na kama yeye anatumia Lugha ya Ishara ya Kenya, jifunze, maana simu ya video kwa ishara ni haraka kuliko vidole vyovyote kwenye kibodi.

Kuhusu zamu, GA hamuihitaji. Mmoja wenu akimaliza aandike “haya”.